Iga Barrière: Zamu za kumlea mtoto mwenye ulemavu

Iga Barrière ni mji wa njia panda wa Djugu, katika jimbo la Ituri, Kongo. Uko kilomita zipatazo 25 kaskazini ya Bunia, kwenye barabara ya taifa namba 27 iendayo Mahagi, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Mongbwalu kwenye dhahabu. Karibu kila unayemkuta hapo yumo mbioni: mchimbaji na beleshi lake, mwenye pikipiki anayengoja abiria, mama wa soko na gunia la maharage, familia iliyohama kijiji na magodoro kichwani. Mahali kama hapa mtu hupimwa kwa miguu na mikono yake. Anayeweza kuchimba, kubeba, kuuza na, siku risasi zikilia, kukimbia, huyo ana nafasi. Asiyeweza hata kimojawapo bila kusaidiwa hubaki ndani ya nyumba, na pamoja naye hubaki mtu mwingine mmoja, ambaye mara nyingi ni mama yake au dada yake. Makala haya yanawahusu hao wawili. Hoja yake ni kwamba kitu kinachopungua zaidi kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu wa ukuaji huko Djugu ni saa za watu: saa za kulisha, kushika, kufundisha na kusindikiza. Leo saa hizo zinatoka kwa mwanamke mmoja. Zikigawanywa kwa zamu kati ya majirani, makanisa na shule, mengi tunayoyasubiri kutoka Bunia na Kinshasa yanaweza kuanza sasa. Zisipogawanywa, hata kituo kizuri kikijengwa kesho, mama huyo hatapata nafasi ya kukifikia.

Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza mtoto angali tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya kwanza, ukaathiri jinsi anavyotembea, anavyosema, anavyoelewa au anavyochangamana na wenzake. Humo mna mtindio wa ubongo, usonji, ugonjwa wa Down na aina nyingine za ulemavu wa akili, na mara nyingi kifafa huambatana nazo. Watu wengi hudhani ni jambo la nadra, kwa kuwa hawawaoni watoto hao barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health ulikadiria kwamba mwaka 2016 watoto milioni 52.9 wenye umri chini ya miaka mitano duniani walikuwa na ulemavu wa namna hii, na takriban 95 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti waliopima watoto wa miaka 6 hadi 9 nyumba kwa nyumba walikuta watoto 61 katika kila 1,000 wana matatizo ya wastani au makubwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kilifi si Djugu, lakini chukua kiwango hicho kama kadirio la kuanzia: katika kila watoto 50 wa mtaa, watatu. Ukipita Iga Barrière siku ya soko usimwone hata mmoja, maana yake ni kwamba wamefichwa, au hawakuishi hadi kufika umri huo.

Sababu nyingi za ulemavu huu zinajulikana, na kadhaa zimepiga kambi Ituri. Mama akishikwa na uchungu usiku ambao barabara haipitiki, na mtoto akazaliwa amechelewa kupumua, dakika chache tu zinatosha kuumiza ubongo. Manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria inayopanda kichwani, yote huacha watoto waliopona homa lakini hawakurudi walivyokuwa. Kaskazini zaidi, katika eneo la afya la Logo huko Mahagi, watafiti akiwamo Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp wamehusisha wingi wa kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi, na ambao dawa ya ivermectin inaweza kuuzuia ikigawiwa mwaka hadi mwaka bila kukosa. Kisha kuna dhahabu yenyewe. Tangu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, imewalisha watu wa eneo hili na kuwaletea balaa kwa pamoja. Zebaki inayotumika kukamata chembe za dhahabu huchomwa, mara nyingine uani palepale panapopikwa ugali, na mvuke wake humfikia mjamzito. Inayomwagwa mtoni huingia kwenye samaki. Japani ilijifunza hilo kwa uchungu huko Minamata tangu mwaka 1956, pale watoto walipozaliwa na ubongo ulioharibika kwa sababu mama zao walikula samaki wenye zebaki ya kiwanda. Ninayataja haya kwa sababu moja: hakuna hata moja kati yake ambalo mama alilitenda peke yake, wala lililotoka kwenye damu ya ukoo wake. Ni madhara ya barabara, vita, mto na machimbo, vitu ambavyo wote tunavitumia au tunateseka navyo pamoja, na kwa hiyo hakuna haki gharama yake kuangukia nyumba moja.

Hebu tuitazame gharama hiyo kwa karibu. Mtoto mwenye mtindio mkali hawezi kumeza vizuri akiwa amelala chali. Sharti akae wima, kichwa kikishikiliwa na kidevu kikiinama kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kiwe kidogo, kiwekwe katikati ya ulimi, kisha anayelisha angoje mpaka koo lishuke na kupanda ndipo aongeze. Akiharakishwa, chakula huingia njia ya hewa, na baada ya siku chache ni kichomi. Mlo ambao ndugu zake wanaumaliza kwa dakika kumi unaweza kuchukua saa nzima, na siku ina milo zaidi ya mmoja. Ongeza kumgeuza asipate vidonda, kumnyoosha misuli isikakamae, kumfulia, kumlinda na moto wa mafiga. Mama mwenye kazi hiyo hawezi kufungua meza sokoni, hawezi kwenda shambani na kurudi kwa wakati, na anapokwenda kisimani humfungia mtoto ndani. Nyumba inapungukiwa fedha, chakula kinapungua, na wa kwanza kuathirika ni yule ambaye kulishwa kwake kunahitaji muda. Huko Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti waliofuatilia watoto wenye mtindio wa ubongo kwa miaka kadhaa waliona kwamba hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 25 ya wenzao, hasa wale wenye ulemavu mkubwa wa viungo na utapiamlo mkali. Mtindio wenyewe hauui kwa kasi hiyo. Kinachoua ni njaa na homa zinazotibika, katika nyumba ambayo mtu mmoja amechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na ndivyo jirani anavyouona mzigo huu akipita njia: mwepesi, kwa sababu hajawahi kuushika hata kwa saa moja.

Wazo la kuugawa mzigo huo si geni wala si la kubuni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliotangaza afya ya msingi kuwa haki ya wote, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengamao unaofanyika nyumbani na mtaani, ule unaojulikana Kongo kwa herufi tatu za Kifaransa, RBC. Miongozo yake ya mwaka 2010 haiishii kwenye mazoezi ya viungo. Inagusa elimu, kipato, maisha ya kijamii na sauti ya mtu mwenyewe katika maamuzi. Na vyombo vya kuitekeleza Iga Barrière havihitaji kuundwa upya. Wapo relais wa afya, wale watu wa mtaa wanaopita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo na kugawa vyandarua. Yupo chef wa avenue anayejua nani analala wapi. Yapo mashirika ya kanisa ya mtaani na vikundi vya akina mama, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao tayari wana zamu za kutembelea wagonjwa na kupika kwenye matanga. Ipo likelemba, ambayo kila mwanachama hutoa kidogo na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Ipo kamati ya wazazi katika kila shule. Jamii inayojua kupangana nani apike kilio cha nani haiwezi kusema haijui kupangana nani akae na mtoto Jumanne asubuhi. Familia nne au tano zikitoa nusu siku moja kila moja kwa juma, mama anapata siku mbili na zaidi za soko au shamba. Hesabu yake ni ndogo kuliko ile ya likelemba.

Zamu hiyo ina kazi maalumu, haikai tu kama ulinzi. Chukua kiti. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akiwekwa kwenye kona ya mbao mbili zilizounganishwa, na meza ndogo mbele yake, mikono yake inakuwa huru kushika kitu na macho yake yanaona watu badala ya paa. Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hiyo kwa karatasi kuukuu na makatoni: tabaka juu ya tabaka, kila moja likipakwa gundi ya unga uliopikwa, likikandamizwa na kuachwa likauke juani, mpaka kiti kinabeba mtoto bila kubonyea. Makatoni ya sabuni na biskuti hayakosekani kwenye maduka ya njia panda. Au chukua kijana mwenye ugonjwa wa Down ambaye watu wa nyumbani wamezoea kumwambia akae tu. Kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, ni kazi inayogawanyika: kuchambua majani na kutupa vijiti, kuyaosha, kuyatia kwenye kinu kidogo kidogo, kutwanga, kugeuza yaliyo chini, kutwanga tena mpaka yalainike. Akifundishwa hatua moja mpaka aimudu ndipo aongezewe ya pili, baada ya majuma kadhaa anatwanga sombe ya nyumba nzima, na anayeweza kutwanga ya nyumba anaweza kutwanga ya kuuza. Mafundisho hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu mvumilivu anayekuja siku ileile kila juma, na mtaalamu anayepita mara moja baada ya muda kusahihisha.

Mambo haya yamejaribiwa karibu nasi. Zanzibar, tangu mwaka 1999, kuna jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao, ZAPDD, ambayo ilianza kwa wazazi kutafutana na kuacha kufichana, ikajenga matawi wilayani, na ikawa miongoni mwa waliosukuma watoto hao wapokelewe katika shule za kawaida badala ya kubaki nyumbani. Uganda na Rwanda umefanyiwa majaribio mpango wa Baby Ubuntu, ambamo wazazi wa watoto wadogo wenye mtindio hukutana katika vikundi vidogo kujifunza kulisha, kubeba na kucheza na watoto wao, na mmoja wa waelekezi ni mzazi ambaye mwenyewe amemlea mtoto wa aina hiyo. Mfano wa zamani zaidi uko Mahenge, kusini mwa Tanganyika, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Wagonjwa aliowakuta walikuwa wakila peke yao na kulala peke yao kwa hofu ya kuambukiza, na wengi walikuwa na makovu ya kuangukia motoni bila mtu wa kuwavuta. Dawa ilipunguza degedege, lakini dawa peke yake isingeondoa hofu. Jirani aliyeona mgonjwa akirudi shambani ndiye aliyemshawishi jirani mwingine ampeleke wake. Fundisho la mifano hii mitatu ni moja. Mahali ambapo wazazi walikusanywa, ujuzi ulienea kwa haraka. Na ujuzi ulipoenea, aibu ilikosa pa kushika.

Pingamizi la kwanza ni zito, na atakayelipuuza ataharibu kazi yote. Litasemwa hivi: jamii hiyo hiyo tunayotaka kuikabidhi watoto hawa ndiyo inayowaita wachawi, inayompeleka mwenye kifafa kwenye vyumba vya maombi afunge siku nyingi bila chakula wala dawa, inayomwambia baba aoe mwingine kwa kuwa tumbo la huyu lina laana. Ni kweli. Wapo pia wanaowanyanyasa wasichana wenye ulemavu wa akili kwa kuwa wanajua hawatasadikiwa wakisema. Lakini madhara hayo hustawi mahali gani? Hustawi ndani ya nyumba iliyofungwa, ambako hakuna mtu wa tatu anayeingia na kutoka. Zamu iliyopangwa, yenye majina yanayojulikana na inayofanyika watu wawili wawili, huongeza macho juu ya mtoto. Mama ndiye achague nani aingie kwake, na kikundi cha wazazi ndicho kiwe na sauti ya kumwondoa mtu. Sheria nayo ipo ya kushikilia: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na ibara yake ya 160 inaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa anayemtesa mtoto kisaikolojia kwa tuhuma hiyo. Mchungaji anayejua ibara hiyo, na anayejua pia kwamba kifafa kina kidonge cha bei ndogo, ana njia ya kuomba bila kumnyima mgonjwa dawa. Viongozi wa makanisa wanapaswa kuwa wa kwanza kufunzwa, kwa sababu neno lao la Jumapili hufika mahali ambapo tangazo la serikali halifiki.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wenye nia njema: tujenge kituo Bunia, chenye wataalamu, watoto wapelekwe huko. Wataalamu wanahitajika, na hakuna aliye tayari kubishana na hilo. Daktari ndiye anayetofautisha kifafa na degedege la homa, na mtaalamu wa viungo ndiye anayejua msuli upi unyooshwe na kwa kiasi gani. Ila mazoezi ya mtoto mwenye mtindio ni ya kila siku, kwa miaka, na kilomita 25 kwa pikipiki, kwenye barabara ambayo siku nyingine ina vizuizi vya watu wenye silaha, haziendeki kila siku na mtoto asiyeweza kujishika. Atakwenda mara mbili, nauli itaisha, na mama atarudi akiamini kwamba ameshindwa yeye. Kituo cha kulala nacho kina tatizo lake: humtoa mtoto mtaani, na mtaa uliokwisha kumzoea kuwa hayupo haumpokei tena akiwa mtu mzima. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2015, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika jamii na kupata msaada hapo hapo. Mtaalamu mmoja wa Bunia anayetumia siku mbili kila mwezi kuzunguka Lopa, Nizi na Iga Barrière, akifundisha relais na wazazi, atawafikia watoto wengi kuliko vitanda ishirini vyenye orodha ya wanaongoja.

La tatu ni la vita. Eneo ambalo limeona vijiji vikichomwa tangu mwishoni mwa mwaka 2017, ambalo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, ambako usiku wa Februari 2022 zaidi ya watu 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na mwaka uliofuata 46 wakauawa kambi ya Lala, lina haki ya kuuliza: huu ni wakati wa kuzungumzia usonji? Jibu ni kwamba hakuna wakati ambapo swali la zamu ni la haraka kuliko huu. Mashambulizi ya usiku humwacha kila mtu ategemee miguu yake, na familia yenye watoto watano, mmoja wao hatembei, hulazimika kuchagua katika nukta chache. Uchaguzi huo ungeweza kufanywa mapema, mchana, kwa utulivu: nani kijana wa nyumba ya tatu atakayembeba, njia ipi, dawa za kifafa zimewekwa kwenye mfuko gani, jina la mtoto na la mama yake limeandikwa wapi ili wakipotezana apatikane. Mtoto asiyeweza kusema jina lake, aliyetenganishwa na mama yake barabarani, ni vigumu mno kumrudisha kwao. Ibara ya 11 ya mkataba ule ule inazitaka serikali ziwalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na maafa, lakini dakika kumi za kwanza za shambulio serikali haipo, jirani yupo. Tena kambi zenyewe zinaweza kupangwa hivyo tangu siku ya kwanza: hema la mtoto asiyetembea liwe karibu na choo na maji, na mgawo wa chakula umfikie bila mama yake kusimama foleni toka asubuhi.

La nne ni la wale wanaoogopa kwamba maneno haya yote yanaisaidia serikali kukwepa wajibu wake, na kwamba mzigo utahamishwa kutoka kwa mwanamke mmoja maskini kwenda kwa wanawake watano maskini. Hofu hii ni ya haki, na dawa yake ni kudai mambo mawili kwa pamoja. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya kimsingi nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ilikuja kuufafanua ulinzi huo. Sheria hizo zinadaiwa vizuri zaidi na watu waliokwisha kuungana kuliko na mama aliyejifungia. Kikundi cha zamu chenye orodha ya watoto 30, umri wao, aina ya msaada wanaouhitaji na tarehe walizokosa dawa, kinaingia ofisi ya eneo la afya na ushahidi mkononi, na kinajua cha kuuliza: dawa za kifafa kwenye kila kituo cha afya bila kukatika, posho ya relais aliyefunzwa, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto ambaye hakuandikishwa katika siku 90 za mwanzo kwa kuwa hakuna aliyetegemea ataishi. Wanaume nao wasiachwe pembeni. Kiti hakihitaji mikono ya kike, na kumbeba kijana wa miaka 15 ni kazi ya mabega mapana. Hata machimboni fedha zipo. PDG, kama wanavyomwita mwenye shimo hapa Ituri, anayechangia harusi na mpira wa vijana, anaweza kuombwa nauli ya mtaalamu wa mwezi, na kuombwa pia kwamba zebaki isichomwe karibu na nyumba za watu.

Shule ni sehemu ambayo zamu itaonekana waziwazi kwa mtaa mzima. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali ni bure nchini Kongo, madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi ana haki ya kusema hawezi kuongezewa mtoto mwenye usonji anayepiga kelele kengele ikilia. Mwalimu huyo asilaumiwe, apewe mtu. Kamati ya wazazi inaweza kuweka mzazi au kijana mmoja aketi karibu na mtoto huyo kwa saa mbili za asubuhi, amtoe nje kelele zikizidi, amrudishe akitulia, na atumie picha na vitu vya kushika pale maneno yanaposhindwa. Atakayebisha kwamba mtoto huyo hatapasi mitihani ajiulize wangapi kati ya wengine wanakwenda shule kwa ajili ya mitihani peke yake. Wanakwenda pia kujifunza kungoja zamu, kuhesabu fedha, kuitika jina na kujulikana. Watoto waliokaa naye darasani miaka sita ndio watakaokuwa wateja wake, majirani zake na watakaomsindikiza akiwa mkubwa. Hilo ni la kufikiriwa mapema, kwa sababu watoto hawa wakipata chakula na dawa wanakua, na mama zao wanazeeka. Swali la nani atakaa naye mama akifa huwatesa wazazi wengi kimya kimya, na jibu la kwamba ndugu watajua cha kufanya halijamtosheleza hata mmoja wao.

Kuanza hakuhitaji mfadhili. Jumamosi moja ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, badala ya kufyeka mifereji peke yake, kila chef wa avenue apite na relais wake nyumba kwa nyumba, si kuhesabu walemavu kwa ajili ya mgao, bali kuuliza kila mlezi maswali matatu: saa zipi za juma zinakulemea zaidi, nani katika mtaa huu unamwamini, na siku ya kukimbia nani atakubebea mtoto. Majibu yaandikwe, mama apewe nakala, majirani waliotajwa waitwe na kuulizwa kama wanakubali, na wanaokubali wafundishwe kulisha na kubeba kabla ya zamu ya kwanza. Baada ya miezi mitatu kazi ipimwe, na kipimo kisiwe idadi ya mikutano wala fulana zilizogawiwa. Kipimo kiwe meza ya mama sokoni. Ikifunguliwa siku mbili kila juma, mpaka wateja wakazizoea siku zake na kumkopesha bidhaa kwa kujua atarudi, mtaa umeanza kazi yake. Ikibaki imefungwa, basi tulichofanya ni kuandika majina tu, na orodha irudi kwa chef wa avenue ianzwe upya.